Macho Niliyoyafuta

Kama umetoka hospitali leo na karatasi inayosema tezi lako la shingo linafanya kazi kupita kiasi, na mikono inatetemeka hata karatasi yenyewe huisomi vizuri, kaa chini unisikilize. Mimi si daktari. Sitakueleza tezi ni nini wala limekaaje, hayo waulize wenye makoti meupe. Nitakueleza nilivyoishi nalo kwa masika mawili, nilichopoteza na kilichorudi. Nitakueleza pia habari za mwanamume mmoja ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai, lakini nilikuwa namfuta kila jioni bila kujua ninachokifuta.

Naitwa Mwanaidi. Naishi Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kituo cha umeme, kwa sababu mume wangu Shabani anafanya kazi pale. Kazi yangu mimi ni kuchora. Sichori ukutani wala kwenye kitambaa, nachora kwenye kishikwambi kwa kalamu yake maalumu: kadi za harusi, fulana za vikundi vya akina mama, vitabu vya watoto wa chekechea. Mtu akiniletea picha ya bi harusi namlainishia ngozi, namnyoosha nyusi, shavu lililozidi nalipunguza. Miaka yote hiyo hakuna aliyerudi kulalamika kwamba nimemfanya mzuri mno. Mkono ukizoea hivyo unazoea kweli, na kosa langu lilianzia hapo.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kwamatuku, Handeni. Tangu nijue kusema ananiita mke mwenzake, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao, nami humwita marehemu babu "mume wetu". Tumegombania mume huyo maisha yangu yote, na mmoja wetu hajawahi hata kumwona. Jina lake lilikuwa Mhina, mkata mkonge. Alifariki mama yangu akiwa hajaota meno. Picha yake moja tu ilikuwapo, kwenye kitambulisho cha shamba la mkonge, na alipougua akashindwa kazi, kitambulisho kilirudishwa ofisini na habari yake ikaishia hapo. Bibi aliolewa tena baadaye. Mume wa pili naye amekufa, akiwa mzee wa kutosha, na ameacha picha nne ukutani. Bibi hazitazami.

Mwaka juzi, wakati wa kupalilia mahindi, nilikwenda kumsalimia. Alinikuta barazani nachora sungura wa kitabu cha watoto. Alikaa pembeni yangu, akavaa miwani yake, akatazama kwa muda mrefu sana. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu wa utani kama yeye.

"Mume wetu ameanza kunipotea," alisema. "Akinijia ndotoni ananipa mgongo. Nichoree uso wake, nimwone mara moja kabla nami sijaondoka."

Nikamwambia tutamaliza wiki mbili hizi.

Tulikuwa tunakaa kwenye mkeka, yeye ananiambia, mimi nachora. Kishikwambi alikataa kukiita kwa jina lake, alikiita sinia. "Lete hilo sinia lako," husema, basi najua amewiva kwa kazi. Nilimwelezea kwamba ndani yake picha inapangwa kwa matabaka, kama karatasi za nailoni zilizolaliana, ukikosea kwenye la juu la chini halidhuriki. Nilimwonyesha brashi na nilimwonyesha kifutio. Kifutio ndicho kilichompendeza. Cha shuleni, alisema, kilikuwa kinatoboa daftari na kuacha uchafu, lakini hiki kinapita na mstari haupo, kama haukuwahi kuwapo. Akawa anakiamrisha yeye. Futa hiyo pua. Futa masikio, hayakuwa ya popo.

Kwenye macho tulikwama. Alisema yalikuwa makubwa, nikachora makubwa. Akasema makubwa zaidi, nikaongeza. Akasema yalitokeza mbele, weupe ulionekana hata juu ya mboni, na shingoni, hapa mbele, palikuwa pamejaa. Nilichora kama alivyotaka, huku moyoni nasema bibi wa watu umri umemfikia. Nikirudi Hale jioni nilikuwa naitazama picha ile na naona mtu aliyefukuzwa na tembo. Mume wetu huyu? Aliyependwa hivi? Basi nachukua kifutio, nafuta kope zile, nashusha macho yalale vizuri, nanyoosha shingo. Safari inayofuata bibi anavaa miwani, anatazama, anaondoa miwani.

"Umemfuta tena," anasema.

Tulienda hivyo hadi mahindi yakavunwa.

Ugonjwa ulipoanza sikujua ni ugonjwa. Nilidhani ni kazi. Msimu wa baridi ulikuwa umeingia, watu wa Hale wanajifunika mablanketi, mimi nafungua madirisha yote na kujitandaza sakafuni kwa sababu ya joto. Nilikula kama mtu anayelima ekari nzima kwa siku, na gauni zikaanza kunivuka mabegani. Moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa tu napepeta mchele. Zahanati ya kwanza waliniambia ni malaria, nikanywa dawa. Ya pili wakasema ni mawazo, nikawajibu vibaya.

Mkono ndio ulionishtua. Ukichora kwa kalamu ya kishikwambi kila kutetemeka kunaonekana, hakuna pa kujificha. Mstari wa shavu ulitoka kama umechorwa ndani ya trekta. Nikachukua kifutio nifute, na kifutio nacho kikatetemeka. Nimekwenda kuondoa kamstari kadogo, nimeondoka na sikio zima. Programu ile ina njia ya mkato: ukigusa kioo kwa vidole viwili, inarudisha nyuma hatua moja. Vidole vyangu vilikuwa vinagusa bila mimi kuviagiza, na kazi ya asubuhi nzima ikawa inajirudisha nyuma hatua kwa hatua mbele ya macho yangu. Nililia kwa hasira. Kuna mahali kwenye mipangilio unaweza kuiambia programu ikunyooshee mistari, nikaiambia. Ikanitolea uso laini usio na mwenyewe, wa kuweka kwenye tangazo la sabuni.

Katika hali hiyo nilikwenda Kwamatuku. Bibi alinipa chai, kikombe kikawa kinagonga sahani yake kwa mtetemeko wangu. Aliutazama mkono ule. Akaniuliza kama nalala, nikasema kidogo. Akaniuliza kama nakula, nikasema sana. Nilipowasha kishikwambi na yeye akaanza tena habari ya macho, kitu kikanipanda kichwani.

"Bibi, hakuna binadamu mwenye macho kama hayo," nilimwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia mbele ya mtu mzima. "Hakuna."

Hakukasirika. Alinitazama usoni kwa muda, halafu akasema taratibu kwamba mume wetu alikuwa nayo. Nikafunga kishikwambi, nikaondoka bila kuaga vizuri. Njia nzima kutoka Handeni mpaka Segera nilikuwa nafoka peke yangu.

Nakueleza jambo hili kwa sababu na wewe utafoka. Watu wako watasema umebadilika, na watakuwa sawa. Mimi nilimfokea Shabani kwa kukoroga chai kwa sauti. Nilimfokea binti yetu Rehema, mwenye miaka minane, kwa kuimba. Shabani akaanza kuomba zamu za ziada kazini, na mimi nilijua ni kwa nini. Siku moja Rehema alikuwa ananionyesha daftari lake, akainua uso, akasita. Akaniomba, kwa adabu kabisa, "Mama, funga macho kidogo." Nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha kabati. Weupe ulionekana juu ya mboni. Nilikuwa nakitazama kioo kile kila siku na sikuwa nimeona.

Hospitali kubwa walijua wakati naingia mlangoni, hata sijasema. Daktari alikuwa kijana mpole, akanishika shingo, akaniambia ninyooshe mikono mbele na akaweka karatasi juu ya vidole. Ile karatasi ilicheza ngoma. Damu ikachukuliwa kupelekwa mbali, tukaambiwa tungoje majibu. Kabla sijatoka akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa namna hii. Nikajibu hapana, hakuna. Nilijibu haraka na kwa uhakika wote.

Nilianza vidonge wakati mvua za vuli zinaanza. Vya asubuhi, vya jioni, na kingine cha kutuliza moyo. Daktari alinionya mambo mawili. Kwanza, nikipata homa na koo kuuma nisinywe dawa za dukani, nikimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Hilo nakuachia na wewe kama lilivyo. Pili, kila siku ya kliniki nijipige picha ya uso, mahali pamoja, mwanga mmoja, ili aone macho yanakwendaje. Nilichagua ukuta wa bluu wa jikoni. Zile za mwanzo nilikuwa napiga na kuficha simu.

Rehema alikwenda kukaa na shangazi yake Korogwe kwa muhula mmoja. Tulikubaliana wote kwamba ni kwa ajili ya shule. Siku aliyoondoka aliacha kandambili zake mlangoni, na sikuziondoa. Nilikuwa nazipita nikienda kuanika nguo, nazipita nikirudi. Unaweza kumtamani mtoto wako akiwa umbali wa nusu saa tu kwa basi, na hapo hapo ukaogopa kurudi kwake, kwa sababu hujui utamfokea nini.

Benchi la kliniki nalijua kila ubao. Jirani yangu pale alikuwa mama mmoja wa Kimaasai kutoka nyanda za Handeni, tukimwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Shingo yake ilikuwa imevimba kuliko yangu, na alikuwa amevua shanga zake zote kwa sababu zilimkaba. Alizibeba kwenye ndoo ndogo ya plastiki ya mafuta ya kupikia, yenye mfuniko, kila kliniki. Nilimuuliza kwa nini asiziache nyumbani. Alisema siku shingo itakapokubali hataki kungoja mpaka afike nyumbani. Tulikaa saa nyingi, yeye na ndoo yake, mimi na kishikwambi changu nisichoweza kukichorea.

Shabani naye, ambaye nilikuwa nimeshamhesabu kama mtu aliyekwisha kuondoka, aligeuka kwa njia ambayo sikuitarajia. Macho yangu yalikuwa hayafungi vizuri, yanakauka kama yametiwa mchanga, na hospitali walinipa dawa ya matone. Kwa mkono wangu ule matone yalikuwa yanaingia kila mahali isipokuwa jichoni. Asubuhi moja kabla ya zamu aliichukua ile chupa bila kusema kitu, akanishika kidevu, akasema tazama juu. Akatia tone kulia, akatia kushoto. Akaondoka kazini. Kesho yake akafanya vile vile, na keshokutwa yake, kwa mwaka mzima na zaidi. Hatukuwahi kuomba radhi kwa maneno. Nilikuwa nasubiri ile saa ya kushikwa kidevu kama msichana.

Masika ya kwanza yalipofika habari zikaja kwamba bibi ameteleza kwenye matope, akaumia nyonga. Haikuvunjika, lakini kutembea kukawa shida, na mama yangu akaenda kukaa naye. Mama alisema kwenye simu kwamba bibi anaulizia sinia. Nikatazama vidole vyangu. Vidonge vilikuwa vimepunguza joto na moyo umetulia kidogo, lakini mkono ulikuwa bado. Shabani akapendekeza tumtafute mchoraji mwingine, yupo kijana hodari Korogwe mjini. Mama akamfikishia bibi wazo hilo. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo: anamngoja mke mwenzake. Nilifurahi na nikaogopa sana. Mzee wa umri ule, nyonga ile, na mimi hata kuvuta mstari wa pua siwezi.

Kwa kuwa sikuweza kuchora, nikawa natazama tu. Programu ile ina tabia moja ambayo sikuwa na kazi nayo: inarekodi. Kila mchoro unatunzwa tangu mstari wa kwanza, na ukitaka unaweza kuutazama unavyojichora haraka haraka mwanzo hadi mwisho, pamoja na kila ulichokifuta. Siku ya kliniki, kwenye benchi lile, zamu yangu ikiwa mbali, nikafungua mchoro wa babu na kuuchezesha.

Paji la uso likaja. Pua ikaja, ikafutika, ikaja nyingine. Masikio ya popo yakaondoka. Halafu yakaja macho, yakawa makubwa, yakawa makubwa zaidi, weupe ukatokea juu ya mboni, shingo ikajaa mbele. Sekunde mbili tatu, uso mzima ukawapo kama bibi alivyoutaka. Halafu kifutio kikapita. Ukaja tena, kikapita tena. Nikarudisha nyuma na kuusimamisha pale ulipokuwa umekamilika. Nikatoa simu, nikafungua picha yangu ya kliniki ya kwanza, ile niliyoificha, nikaiweka pembeni.

Yeyo aliinamia akatazama vyote viwili. Akaniuliza, "Huyu ndugu yako naye anaumwa?"

Nilimjibu kwamba aliumwa, zamani. Alipata ugonjwa wetu huu na hakupata dawa.

Siku hiyo daktari alifungua faili langu na mimi nikamwambia afute lile jibu la mwanzo. Kwetu yupo. Nilikuwa na uso wake mkononi tangu kabla sijaanza kuumwa, na nilikuwa nausafisha kila jioni ili upendeze. Kama ningeuacha siku moja tu, kama ningeuliza swali moja tu, kwa nini yalikuwa hivyo bibi, huenda nisingengoja miezi yote ile na malaria isiyokuwapo. Sikai hapa kukuhukumu. Nakuambia tu, waulize wazee wako waliokufa walikufaje, na wakikueleza usiwarembe.

Nilikwenda Kwamatuku baada ya mvua kukatika. Bibi alikuwa amelazwa ubavu kwenye kitanda cha kamba, mdogo kuliko nilivyomwacha. Shikamoo yangu aliipokea kwa kuninyooshea mkono, akanivuta, akanitazama macho kwa karibu kabisa. Alisema alijua siku ya chai ile. Kulala kidogo, kula sana, kikombe kugonga, yote alikuwa ameyaona kwa mumewe, na watu wakasema Mhina amelogwa, wakamzungusha kwa waganga mpaka moyo ukasimama. Aliogopa kulitaja kwangu asije akaliita. Alidhani akikazania macho yale kwenye picha, mimi msomi nitaona mwenyewe. Nilimwambia mimi msomi nilichukua kifutio. Tukacheka, halafu tukalia, kisha nikamwomba radhi kwa ajili ya sauti ile ya siku ya chai, naye akasema hakumbuki sauti gani. Mwongo mkubwa.

Kisha nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua tangu kwenye benchi. Mume wetu hakuzaliwa na macho yale. Alipokuja kumposa alikuwaje?

Bibi alisema huyo ndiye anayempa mgongo. Wa mwisho amemfunika wa kwanza. Akijaribu kumwona kijana wa posa anamwona mgonjwa, hana mwingine wa kuniambia nichore.

Nilirudi Hale na maneno hayo, na yalikaa na mimi vuli yote.

Mwili ulirudi polepole, na sitakudanganya kwamba ulirudi wote. Kilo zikaja kwanza. Kisha usingizi. Kisha siku moja Shabani akakoroga chai kwa sauti na mimi nikagundua sijasema kitu, naye akagundua, akaendelea kukoroga kwa makusudi. Rehema alirudi mwanzo wa muhula, akavaa kandambili zake zikamkataa, mguu ulikuwa umekua. Alinitazama machoni bila kuniomba nifunge. Kwenye benchi yeyo alitokea na ndoo tupu na shanga zote shingoni, akazungusha kichwa kulia na kushoto kutuonyesha, na akina mama wote tuliokuwa pale tulipiga makofi kama tuko harusini. Jicho langu la kulia lilirudi mahali pake. La kushoto lilirudi nusu, likagoma. Daktari alisema huenda likabaki hivyo. Nautamani uso wangu wa zamani, nasema wazi. Kuna picha moja ya Idi, mimi na Rehema, ambayo bado siwezi kuitazama kwa muda.

Mkono ulikuwa wa mwisho. Masika ya pili yalipoanza nilichora duara moja kwenye kioo, likatoka duara.

Nilipakia kishikwambi, nikamchukua Rehema, tukaenda Handeni. Hali ya bibi haikuwa nzuri, mama alikuwa amenionya. Alikuwa anakaa kwa kuegemezwa na mito, ndani, kwa kuwa nje palikuwa na manyunyu. Lakini alipoona mkoba wangu akaomba miwani.

Mistari ya zamani ilikuwa haipo. Kilichofutwa huwezi kukiita tena, rekodi inakuonyesha tu. Kwa hiyo nilikuwa nimeusimamisha uso ule wa mgonjwa kwenye rekodi na kuunakili upya, mstari kwa mstari, kwenye tabaka la chini. Huyo nilimwonyesha kwanza. Bibi akatikisa kichwa, ndiye, wa mwisho. Halafu nikafungua picha zangu za ukuta wa bluu, kliniki ya kwanza hadi ya juzi, nikazipanga pembeni. Nikamweleza kwamba vidonge vilikuwa vinaufuta ugonjwa usoni kwangu kidogo kidogo, na mimi nilikuwa naona kila mwezi kilipopita kifutio. Kope ya juu ilishuka hivi. Shavu lilijaa hivi. Shingo ilirudi mpaka hapa. Mume wetu hakupata vidonge, basi leo nitampa.

Nikachukua kifutio, kile laini, ambacho ukigandamiza kidogo kinafifisha na ukigandamiza sana kinaondoa. Nilianza na shingo. Bibi akasema endelea. Nikashusha kope ya kulia kwa kiasi kile kile yangu ilivyoshuka kati ya kliniki ya pili na ya tano. Akasema hapo alikuwa bado anaumwa, endelea. Nikaendelea. Nikajaza shavu, nikaondoa kivuli kilichokuwa chini ya jicho. Ghafla akanishika kiwiko. Nisimame hapo, nisifute tena.

Likabaki jicho la kushoto, na kwa jicho hilo sikuwa na ramani, kwa kuwa langu lenyewe halijarudi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia hili ni lako bibi, mimi silijui.

Bibi akafumba macho. Nje manyunyu yalikuwa yanapiga bati, Rehema na mama walikuwa wanapukuchua mahindi ukumbini na sauti zao zinatufikia. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia.

"Lilikuwa dogo kuliko la kulia," alisema, macho yake bado yamefumbwa. "Kidogo tu. Akicheka lilikuwa linafunga lote. Siku ya posa alicheka, wajomba wakamkasirikia."

Nikafuta jicho la kushoto lote. Nikalichora upya, dogo kidogo, na kope ya chini ikiwa imepanda kama ya mtu anayejizuia kucheka mbele ya wakwe. Mkono haukutikisika hata kidogo. Nilipoinua kalamu nikaona nimemaliza, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu yule alikuwa ananitazama.

Bibi alifumbua macho. Hakusema ndiye, wala siye. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Kisha akaivuta ile kanga kutoka mabegani, akajitanda kichwani vizuri, akaingiza nywele zote ndani, akaweka pindo sawa pande zote mbili. Akakichukua kishikwambi kutoka mapajani mwangu, akakiweka kwenye mapaja yake.

Nilimuuliza kama kuna kitu cha kufuta.

"Mke mwenzangu," alisema, bila kunitazama, "hebu tupishe kidogo."

Nikainuka. Nikaenda ukumbini kupukuchua mahindi na wenzangu, na mlango nikaurudishia.